Ifutwe, Ichomwe

Mfuko ulikuwa na kanda kumi na moja, na Mzee Koma alizihesabu mara ya nne akiwa bado ngazini. Alizihesabu kwa vidole, mkono ukiwa ndani ya mfuko, kama mtu anayepapasa mayai. Zilikuwa kumi na moja. Nyumbani zilikuwa kumi na moja na njiani zilikuwa kumi na moja, lakini yeye hakuwa mtu wa kuamini hesabu eti kwa sababu imetoka sawa mara tatu.

Jina la Koma alipewa kazini. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa msahihishaji wa prufu katika kiwanda cha uchapaji, yaani mtu anayesoma kila ukurasa kabla haujaingia mashineni, akisaka makosa ya wenzake kwa kalamu nyekundu. Siku moja alisimamisha mashine mbili na watu tisa wakakaa kumtazama, kisa koma moja. Walimpachika jina hilo kwa kumkejeli, naye akalivaa kama kofia ya cheo.

Aliyemsukuma kuja hapa ni binti yake, muuguzi, mtu wa maneno machache na zamu nyingi.

"Baba, kanda hazikai milele. Zinaoza ndani kwa ndani. Kuna fundi anaziingiza kwenye kompyuta, halafu anakupa kwenye diski. Unapeleka, unachukua, basi."

"Na huyo fundi anajulikana na nani?"

"Na mimi."

"Wewe ulimjulia wapi?"

"Baba."

"Nauliza tu."

Hakuwa anauliza tu. Katika kanda zile, kumi zilipigwa na marehemu mkewe, na kwa sababu hiyo mkewe mwenyewe hayumo. Alikuwa nyuma ya kamera siku zote, akifunga jicho moja. Mtoto anakata keki, mtoto anaanza shule, mtoto hana meno ya mbele, na mama yake hana hata kivuli. Sauti yake inasikika mara moja moja, na kila mara ni neno lile lile: "Jongea. Jongea kidogo." Miaka miwili tangu amzike, Mzee Koma alikuwa ameanza kusahau sauti ile ilivyokuwa inaposema jambo jingine.

Ilibaki kanda ya nne. Hiyo ilikuwa ya harusi ya shemeji yake, mdogo wa mkewe, na ilipigwa na mpiga picha wa kukodiwa. Mkewe alisimama siku hiyo akasema maneno kwa niaba ya familia. Mzee Koma hakuwepo. Kiwandani walikuwa wanachapa mitihani na hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje ya geti. Baada ya miezi minane bwana harusi alibeba sanduku lake akaondoka bila kuaga, na tangu hapo kanda ile haikuchezwa tena nyumbani. Shemeji aliapa mbele ya watu kwamba siku akiipata mkononi ataitia moto. Aliapa mwaka ule, akaapa mwaka uliofuata, na msibani kwa dada yake, mtu mmoja alipoitaja, aliinuka akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikwisha oshwa.

Kwa hiyo kanda ya nne ndiyo iliyokuwa kanda. Zile nyingine kumi zilikuwa zinaisindikiza.

Chumba cha fundi kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mshonaji. Deki nne za video zilipangwa moja juu ya nyingine, kompyuta ilikuwa mezani, na katikati yake kisanduku kidogo kilichoingiwa na nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na ya njano. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu alikuwa ameinama juu ya kitu, kalamu ya risasi imechomekwa kwenye nywele.

"Fundi yuko wapi?"

"Unaongea naye, mzee. Karibu kiti."

Mzee Koma alikaa, mfuko mapajani. Hakuwa na neno na wanawake mafundi. Mkewe ndiye aliyekuwa akibadilisha fyuzi nyumbani. Aliloona halipendezi ni ile kalamu ya risasi. Maandishi ya risasi yanafutika.

Alizitoa kanda moja moja. Kila moja ilikuwa na namba kwa wino, na chini ya kibandiko, mahali ambapo mtu hawezi kupaona bila kujua, alikuwa ametia nukta nyekundu. Mtu akimbadilishia kanda, atajua.

"Hizi nukta za nini?" fundi aliuliza.

"Nukta zipi?"

Fundi alikuwa anafungua kifuniko cha mbele cha kila kanda kwa kidole, anaimulika kwa tochi, anaiweka chini. Moja, mbili, tatu. Ya nne aliimulika kwa muda, akaigeuza, akaimulika tena. Akaiweka kando, kwenye rafu ya peke yake.

"Hiyo umeitenga kwa nini?"

"Hii nitaishughulikia peke yake. Ina mambo yake."

Ina mambo yake. Mzee Koma aliyachukua maneno hayo akayafunga moyoni kama mtu anavyofunga ushahidi. Kanda kumi na moja zinazofanana kama mapacha, na huyu amejuaje kwamba ile ndiyo yenye mambo?

"Zitakuwa tayari baada ya saa ngapi?"

"Saa?" Fundi alicheka kwa pua. "Siku tano, mzee. Kanda ya saa tatu inaingia kwa saa tatu."

"Nilidhani kompyuta inamaliza kazi kufumba na kufumbua."

"Kompyuta ina haraka. Kanda haina. Inabidi icheze yote kuanzia mwanzo, kama vile mnatazama."

"Basi nitatazama," alisema Mzee Koma.

"Zote?"

"Nimestaafu."

Akakaa kweli. Siku ile nzima alikaa kwenye kiti cha plastiki huku kanda ya kwanza ikicheza, kisha ya pili na ya tatu, na alipoona fundi ananyoosha mkono kwenye kitufe alisogeza kiti. Fundi aliandika jambo kwenye daftari lake na kulifunga. Binti yake akiwa na meno yake ya utotoni alikimbia kwenye kioo cha kompyuta, na kutoka nyuma ya kamera sauti ikasema, "Jongea. Jongea kidogo." Mzee Koma akajongea kidogo kitini kabla hajajua amefanya nini. Fundi aliona. Kwa heshima, akajifanya anakaza skrubu.

Siku ya pili alichelewa, kwa sababu ya foleni ya dawa zake. Alipokuwa anapanda ngazi, mtu alikuwa anashuka, ameshika ukuta kwa mkono mmoja, miwani mizito usoni. Alikuwa shemeji yake.

"Shemeji," alisema yule mama, na akasimama kama aliyekanyaga msumari.

"Shemeji. Unatoka wapi?"

"Hapa kwa mshonaji. Nimekuja kupunguza gauni."

"Mshonaji yuko chini."

"Ndiyo. Nilipitiliza. Haya macho yangu, nawe unayajua."

Mzee Koma alimtazama mikono. Hakuwa na gauni, hakuwa na mfuko. Alikuwa na mkoba mdogo usioenea hata leso.

"Na gauni?"

"Nimeshaliacha. Haya, nisalimie mtoto."

Akashuka, mguu mmoja mmoja, akapita mlango wa mshonaji bila kugeuza shingo.

Mzee Koma alimtazama mpaka alipopotea. Aliingia akamkuta fundi anakunja waya.

"Kuna mtu ametoka hapa."

"Watu wanaingia na kutoka, mzee. Ni duka."

"Mama wa miwani."

Fundi aliweka waya mezani. "Mambo ya wateja siyasemi. Hata ya kwako siyasemi."

Jibu lilikuwa zuri mno. Miaka yote kiwandani Mzee Koma alijifunza kwamba ukurasa usio na kosa hata moja ndio wa kusomwa mara ya pili. Akakaa, kanda ya tano ikicheza, na macho yake yakaanza kusafiri: rafu, deki, daftari, rafu. Kanda ya nne ilikuwa bado pale peke yake, na pembeni yake kulikuwa na kichupa cha maji meupe ambacho jana hakikuwepo.

Mchana mshonaji alimwita fundi kutoka chini, umeme umemkatikia. Fundi akachukua bisibisi. "Nakuja sasa hivi, mzee. Usiguse kitu."

Mtu hamwambii mwenzake asiguse kitu kama hakuna cha kuguswa. Nyayo zilipofika chini, Mzee Koma alivaa miwani ya kusomea akafungua daftari.

Mwandiko ulikuwa wa risasi, safi, wa mtu aliyesoma. *Kanda 1: safi, imeingia. Kanda 2: safi, imeingia. Kanda 3: safi, imeingia.* Halafu, kwa mstari wa chini yake:

*Kanda 4: ifutwe vizuri. Ichomwe kabla ya Jumamosi. Mama wa miwani.*

Aliusoma mara tatu. Aliusoma kama alivyokuwa akisoma prufu, silabi kwa silabi, akitafuta mahali ambapo huenda jicho limemdanganya. Halikumdanganya. *Futa* ni neno alilolijua kuliko jina lake. Kwa miaka thelathini na mmoja aliliandika pembeni mwa karatasi kwa wino mwekundu, na kila alipoliandika, kitu kilitoweka duniani: neno, mstari, safari nyingine aya nzima ya mtu aliyejiona anajua kuandika. Ukishaandika *futa*, hakibaki kitu. Na hawa hawakuridhika na kufuta. Walitaka na kuchoma.

Alitoa kanda ya nne kwenye jalada lake, akatazama nukta, akaitia ndani ya koti. Jalada tupu akalirudisha kwenye rafu kama lilivyokuwa. Alikutana na fundi ngazini.

"Unaondoka? Ya tano haijaisha."

"Tumbo," alisema Mzee Koma, na akajikaza kisabuni mpaka barabarani.

Nyumbani alifunga mlango, akavuta mapazia mchana kweupe. Deki yake ilikuwa chini ya kabati, imefunikwa kitambaa alichokifuma mkewe. Binti yake alikuwa amemwonya: Baba, hiyo mashine usiiwashe, mipira yake imekufa. Lakini binti huyo huyo ndiye aliyempeleka kwa fundi yule, na dakika hiyo Mzee Koma hakuwa na uhakika na mtu yeyote aliyekuwa na uhusiano na shemeji yake, hata wa kumwita mama mdogo. Aliunganisha nyaya na televisheni ya chumbani. Akapuliza vumbi. Akasukuma kanda, na mashine ikaimeza kwa mlio wa mtu anayekohoa usingizini.

Picha ilikuja na mvua ya madoa. Ukumbi, meza ndefu, maua. Shemeji yake kijana, mwembamba, hana miwani. Kamera ilisogea, ikamkosa, ikarudi, na mkewe akasimama.

Mzee Koma alikaa kitandani.

Mkewe alikuwa na miaka thelathini na mitano. Alikuwa amevaa kijani. Alikohoa kidogo kama alivyokuwa akikohoa siku zote kabla ya kusema la maana, na akasema, kwa sauti ile, siyo ya jongea, ile yenyewe:

"Mume wangu hayupo hapa. Yuko kazini anasaka makosa. Huyu mtu ukimpa barua ya mapenzi, ataisahihisha kwanza." Watu wakacheka. Mzee Koma naye, peke yake gizani, akacheka. "Lakini mdogo wangu, nikuambie. Nimekaa naye miaka kumi na miwili kwa sababu moja tu. Huyu mwanaume—"

Picha ikajikunja. Sauti ikazama kama mtu anayevutwa chini ya maji. Mashine ikaguna, ikatoa mkwaruzo, halafu ikatoa mlio ambao Mzee Koma aliujua kabla hajaujua, mlio wa kutafuna.

Alichomoa waya ukutani. Ilimchukua saa nzima na bisibisi kuifungua deki na kuitoa kanda ndani yake, utepe umekunjamana kama jani la chai lililokwisha chujwa. Vidole vyake vilibaki na unga mweupe. Aliunusa. Ulinuka kabati lenye unyevu.

Hakulala vizuri. Asubuhi alikuwa wa kwanza ngazini, kanda kwenye mfuko wa plastiki, utepe ukining'inia. Alitaka amkute fundi peke yake. Akawakuta wawili: fundi amesimama, jalada tupu mkononi, na shemeji yake amekaa kwenye kile kiti cha plastiki, anapangusa macho chini ya miwani.

"Ipo wapi?" fundi aliuliza, bila salamu.

Mzee Koma aliweka mfuko mezani. Hasira aliyokuwa ameiandaa usiku kucha ilikuwa bado ipo, akaitoa. "Nimeinusuru. Nimesoma daftari lako. Ifutwe, ichomwe kabla ya Jumamosi. Na aliyekutuma huyu hapa amekaa. Shemeji, hukutosheka kutosema na dada yako alipokuwa mgonjwa kwa sababu ya kanda hii? Ulitaka na sauti yake?"

Fundi alilitazama daftari, akamtazama yeye, akalitazama tena daftari. Halafu akafungua mtoto wa meza, akatoa pamba, akachukua kile kichupa.

"Mzee, hii ni spiriti. Kanda yako ina kuvu. Ule unga mweupe pembeni mwa utepe, umeuona?"

Mzee Koma alificha vidole.

"Kanda ya kuvu haichezwi kabla ya kufutwa. Ukiicheza inanata, inakatika. Nafuta kuvu. Kwa pamba. Polepole, utepe wote. Ndiyo maana niliitenga, ndiyo maana ni kazi ya siku nzima."

"Na kuichoma?"

"Kuchoma diski. Kompyuta inaandika kwenye diski kwa mwanga mkali, ndiyo kuchoma huko. Za kwako zote nachoma mwisho, kwa pamoja. Hii mama aliomba nakala yake mapema."

"Mapema kwa nini?" Lakini alikuwa amekwisha kulisikia jibu likija.

"Jumamosi nalazwa," alisema shemeji yake. "Jumapili wananipasua macho. La kulia daktari ana matumaini nalo. La kushoto hakusema kitu. Mtoto wako aliponiambia kanda ziko hapa, nilitaka nimwone dada kabla."

"Ungeniambia mimi."

"Nikuambie nini, shemeji? Miaka ishirini na nne nimeapa nitaichoma ile kanda. Nije nikuombe nakala? Ungenicheka mpaka ungekaa chini. Yule bwana aende zake, hata sura yake sijali. Ila dada yumo mle, amesimama kwa ajili yangu." Alipenga pua. "Na hospitali nilikuwa naenda. Nilikuwa naenda saa za kulala kwako. Muulize mtoto wako, ndiye aliyenipitisha."

Mzee Koma hakuwa na kalamu, lakini mkono wake ulifanya alama hewani, ile ya zamani ya kurudisha neno lililokatwa kimakosa. Akaketi juu ya kasha la nyaya, kwa sababu kiti kilikuwa na mtu.

Fundi alikuwa amekwisha kuuvuta utepe na kuuinua kwenye mwanga. "Umecheza kwenye mashine gani?"

"Ya kwangu."

"Imekula hapa. Na hapa." Aliushusha utepe. "Nitaifuta, nitaiunga. Lakini kipande hiki hakirudi, mzee. Sekunde kumi, labda kumi na tano."

Ilimchukua mpaka alasiri. Hakuna aliyeondoka. Mzee Koma alishika utepe pale alipoambiwa ashike, kwa kitambaa, na fundi alimkemea mara mbili tu. Shemeji alishuka kununua chai akarudi na vikombe vitatu, ameshika ukuta.

Kisha wakatazama. Shemeji alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Mkewe alisimama, kijani chake kimekolea kuliko jana, akakohoa, akasema yale ya barua, na watu wakacheka. "Nimekaa naye miaka kumi na miwili kwa sababu moja tu. Huyu mwanaume—" Kioo kikawa cheusi kwa muda wa kupumua. "—basi na wewe litafute hilo kwa mumeo. Ukilikosa, rudi nyumbani." Makofi. Akaketi.

Mzee Koma alitazama kioo. Alikuwa amefuta maneno ya watu wengi katika maisha yake, na hakuna hata mmoja aliyemfuata kumdai. Alisema, bila kumgeukia mtu, "Shemeji. Alisemaje pale?"

"Huamini kingine nitakachosema, sasa hili utaliamini?"

"Sema tu."

Yule mama aliegemea nyuma, akavua miwani. "Alisema: huyu mwanaume ana shaka na kila kitu. Usiku anakagua mlango mara tatu. Na akishamaliza mlango, anakuja kunikagua mimi kama nimefunikwa miguu. Anadhani nimelala. Kila siku anadhani nimelala."

Fundi alijishughulisha na waya.

Mzee Koma alilipitia neno kwa neno. Alitafuta mahali pa kulitilia shaka, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kusikiliza. Shemeji hakuwahi kulala chumbani kwao. Binti alilala chumba cha nyuma, na usingizi wake hata ngoma haiuamshi. Yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu; angemwambia nani kitu kama hicho. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kulijua jambo lile, na Mzee Koma siku zote alidhani mtu huyo amelala.

"Mara mbili," alisema mwishowe.

"Nini?"

"Mlango. Nilikuwa nakagua mara mbili, siyo tatu."

"Basi sahihisha," alisema shemeji yake, akavaa miwani na kumgeukia fundi. "Irudishe tena, mwanangu. Pale anaposimama."

Fundi akairudisha. Mzee Koma alinyoosha mkono kwenye daftari, na safari hii fundi hakumzuia; badala yake alichomoa kalamu kwenye nywele akampa. Mzee akakata *ifutwe* kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake, kwa mwandiko wake mdogo wa kiwandani, akaandika *ipanguswe*.

Alifikiri kidogo juu ya *ichomwe*. Akaiacha, ila mbele yake akaongeza: *nakala mbili.*